Abiria wa Nahodha Kimondo

Jamhuri ya Keshokutwa haionekani kwenye ramani yoyote ya dunia, na wenyewe hawana kinyongo. Serikali imekwisha kuwatangazia kwamba wachora ramani wako njiani, na kwamba mwananchi mzalendo haulizi ni njia gani. Ni nchi njema kwa kweli. Ina milima ya kupendeza, ina bunge lenye mazulia hadi chooni, na ina kituo kimoja tu cha televisheni, ili watu wasisumbuke kuchagua.

Katika kituo hicho aliajiriwa Mwatime Shauri, mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na ukaidi usiolingana na umbo lake. Kazi yake ilikuwa kutunga tamthilia. Mwanzoni alitunga habari za watu wa kawaida. Lakini kila akiandika kuhusu mgonjwa, Wizara ya Afya ilinuna. Akiandika kuhusu mwanafunzi, Wizara ya Elimu ilinuna. Alipoandika kuhusu mbuzi mlafi, ofisi ya Spika ilitaka maelezo. Ndipo Mwatime akaona bora ahamie angani, ambako hakukuwa na wizara.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Nahodha Kimondo. Chombo cha angani kilichojaa abiria kinapigwa na jiwe kutoka mbinguni. Nahodha anagonga kichwa kwenye usukani, na anapozinduka hakumbuki kitu: si jina lake, si mkewe, wala mahali alikokuwa akiwapeleka wale abiria, na hapo ndipo watu walipotokwa jasho. Kila Alhamisi jioni alikumbuka kidogo. Wiki hii harufu ya vitunguu. Wiki nyingine wimbo wa kubembelezea mtoto. Wiki inayofuata anajikwaa na kusahau vyote viwili.

Chombo chenyewe kilitengenezwa kwa tangi la maji la mtaa wa akina Mwatime, tangi ambalo halikuwa na shughuli nyingine tangu lizinduliwe. Nahodha aliigizwa na Zakaria Tungo, mtu wa kifua kipana na macho ya huzuni, aliyekuwa mtangazaji wa hali ya hewa hadi alipofukuzwa kwa kutabiri mvua siku ya gwaride la taifa. Si kwamba alikosea. Mvua ilinyesha kweli, na ndilo lililomponza.

Nchi nzima ilishikwa. Alhamisi jioni wezi waliweka vifaa vyao chini, wakunga waliwasihi wazazi wavumilie kidogo, na bunge liliahirishwa, ingawa hilo halikuleta tofauti kubwa.

Serikali nayo ikagundua jambo. Kabla ya tamthilia, wananchi wa Keshokutwa walikuwa na tabia mbaya ya kukumbuka. Ukiwaahidi umeme Jumatatu, Jumatano wanakuuliza umeme. Sasa kila Ijumaa asubuhi waliuliza swali moja tu: ile harufu ya vitunguu ina maana gani? Waziri wa Habari, Burudani na Mambo Yaliyopita, Mheshimiwa Hamadi Pazia, alifurahi mpaka akamwita Mwatime ofisini na kumvika Nishani ya Usahaulifu Uliotukuka ya ngazi ya pili. Ile ya ngazi ya kwanza alikuwa amejitunuku yeye mwenyewe, ila hakujua aliiweka wapi.

"Bi. Mwatime," alisema akimbandika nishani, "umelifanyia taifa hili kile ambacho polisi wameshindwa. Endelea hivyo hivyo. Nahodha asikumbuke kamwe."

Mwatime alisema ahsante, akaenda zake. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu wa mawazo tofauti.

Mama yake, Bi. Mwanasiti, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Miaka ya karibuni kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja. Alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Siku nyingine alimpokea Mwatime mlangoni kwa adabu zote: "Karibu mwanangu, wewe ni wa nani vile?" Mwatime alijibu, "Ni wako, mama," kisha akaenda jikoni kukaa na moyo wake. Cha ajabu, Nahodha Kimondo hakusahaulika. Kila Alhamisi Bi. Mwanasiti alioga mapema, akajitia manukato, akaketi mbele ya televisheni kama anayengoja posa.

"Huyu ana ugonjwa wangu," alisema, akimwonesha nahodha kwa kidole. "Maskini. Sasa alikuwa anawapeleka wapi watu wa watu?"

"Utaona, mama."

"Nitaona lini? Wewe unadhani mimi nimebakiza Alhamisi ngapi?"

Swali hilo lilimfuata Mwatime wiki nzima. Akaamua kwamba nahodha atakumbuka, na atakumbuka wakati mama yake bado anaweza kusikia na kuelewa.

Tungo alipoambiwa alimkumbatia. Suti ya angani ilikwisha kumbana, akawa anaigiza bila kupumua. "Nimalize nile chapati kwa amani," alisema.

Mwisho aliouandika Mwatime ulikuwa huu: nahodha anakumbuka kwamba chombo hakijaruka. Tangu siku ya kwanza kiko ardhini, injini inanguruma tu, na abiria wamefungwa mikanda wakiamini wanakwenda. Aliuandika kwa furaha, akaupeleka kwa mkurugenzi wa kituo, Bwana Lameki, mtu ambaye hakuna aliyejua jina lake la pili kwa sababu kila alipoulizwa neno alijibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Bwana Lameki alisoma, akanywa maji, akasoma tena, akampigia waziri.

Kikao kiliitishwa kesho yake. Waziri Pazia aliketi mwanzo wa meza, Bwana Lameki mkono wa kulia, na Mwatime mbali kabisa, karibu na mlango.

"Hawa abiria," alianza waziri, "ni akina nani?"

"Ni abiria, mheshimiwa."

"Abiria wa chombo kisichokwenda, wanaotangaziwa kila siku kwamba karibu wanafika. Unadhani sisi hatujui kusoma?"

"Kwani mheshimiwa anadhani ni akina nani?"

Waziri alifungua kinywa, akakifunga. Kulisema lile alilolidhani ni kosa la uchochezi, na sheria yenyewe aliipeleka bungeni yeye. Alimtazama Bwana Lameki amsaidie kulisema. Bwana Lameki alitazama dari.

"Simdhani mtu yeyote," alisema waziri hatimaye. "Hadithi hii haifanani na nchi yetu hata chembe. Na kwa kuwa haifanani kabisa, naipiga marufuku."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Bwana Lameki.

"Mwisho nitautunga mimi. Utotoni nilikuwa hodari wa insha." Waziri akafumba macho, akanyoosha mikono kama anayepapasa giza. "Nahodha anaamka. Yuko kitandani kwake. Anga hakuna, chombo hakuna, abiria hakuna. Ilikuwa ndoto! Alilala vizuri mno kwa sababu ya godoro la kiwanda chetu cha taifa. Anajinyoosha, anasema, 'Nchi yangu ni njema.' Kwisha. Hakuna atakayeubashiri mwisho huo."

"Hakuna, kwa sababu hakuna atakayeutaka," alisema Mwatime.

"Basi hakutakuwa na mwisho wowote. Na wewe utahamia hali ya hewa."

Mwatime alifikiria kuondoka na kuwaachia tamthilia yao. Kisha akamwona mama yake amejitia manukato, ameketi, anangoja. Mwisho mbovu, alijiambia, si bora kuliko kukosa mwisho? Akakubali. Siku ya kurekodi Tungo alilisema lile neno la godoro kwa macho ya huzuni hata mpiga picha akalengwalengwa na machozi, na Mwatime akaona aibu kama mtu aliyemuuzia mzazi wake samaki aliyeoza.

Alhamisi ikafika. Mtaani hakukuwa na mtu. Bi. Mwanasiti alimshika bintiye mkono, na siku hiyo akili yake ilikuwa safi kama kioo. Nahodha alifungua macho. Akaonekana yuko kitandani. Akajinyoosha, akalisifu godoro, akasema nchi yake ni njema. Bendera ikapepea. Kwisha.

Bi. Mwanasiti alingoja. Akageuka.

"Ndoto?"

"Ndiyo, mama."

"Ndoto ya nani? Na wale abiria wako wapi?"

"Hawapo, mama. Ilikuwa ndoto."

"Mtu hawezi kulala akaamka, watu wote wale wakapotea, halafu akasifu godoro!" Alisimama, akafungua dirisha, akapaza sauti mtaani: "Jamani! Abiria wako wapi?"

Dirisha la pili likafunguliwa. "Hata mimi nauliza!" Kisha la tatu. Muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa madirishani ukiulizana, na ule wa pili ukadakia.

Hapo Keshokutwa ikaona jambo ambalo haijawahi kuliona. Watu waliokaa miaka bila maji na wasiguse jiwe, waliokwenda hospitali isiyo na paa wakashukuru hewa safi, waliamka Ijumaa asubuhi wakaandamana. Wauza mitumba walikuwapo, na makarani, na wacheza bao, na maaskari waliovua kofia wasitambulike. Walibeba vitambaa vilivyoandikwa: ABIRIA WAKO WAPI? Mama mmoja muuza maandazi alilia waziwazi kwa ajili ya abiria wa kiti cha nyuma, yule mjamzito, ambaye watazamaji hawakuambiwa hata jina la mtoto wake.

Waziri Pazia alitokea kwenye televisheni kuwatuliza. Alivaa suti ya bluu na uso wa baba.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imefanya uchunguzi wa kina. Imebaini kwamba abiria hawapo. Hawajawahi kuwapo. Na kama walikuwapo, walikuwa wanahudumiwa vizuri."

Basi akawa ametia petroli. Jumamosi waandamanaji walikuwa wengi maradufu, na walikuwa na ngoma.

Mtukufu Rais, ambaye husikia mambo yakiwa na ngoma, alimpigia waziri simu na kumwambia maneno matatu: "Watafute hao abiria." Waziri hakuthubutu kumwambia Rais kwamba watu wa kwenye tamthilia hawatafutwi. Akafanya kile ambacho kiongozi mwenye uzoefu hufanya. Akachapisha fulana.

Zilikuwa fulana za rangi ya chungwa zenye neno ABIRIA kifuani na picha ya Rais mgongoni. Waziri alikusanya watu wa wilaya ya jirani, akawavisha, akawalisha pilau ili wanawiri, kisha akatangaza kwamba abiria wote wamepatikana, wazima wa afya, na Jumapili watawasalimu wananchi katika Uwanja wa Taifa. Aliongeza, kwa kunogesha tu, kwamba abiria ni wageni rasmi wa serikali, na serikali inatambua haki yao ya kufikishwa waendako.

Heri maneno hayo ya mwisho yangeachwa.

Mtaani kwa Mwatime kijana kinyozi ndiye aliyewahi kuyafikiri. "Kama abiria ana haki ya kufikishwa," alisema, "mimi nani kaniambia si abiria?" Jioni hiyo hapakuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa dukani. Watu walichovya mashuka kwenye manjano, walichana mapazia, walishona usiku kucha, wakabandika mgongoni picha za Rais zilizokatwa kwenye kalenda. Bi. Mwanasiti alidai fulana yake kwa nguvu, na Mwatime akamkatia kwenye kitambaa cha meza, akamwandikia neno kifuani kwa wino.

Jumapili Uwanja wa Taifa uliwaka rangi ya chungwa. Waziri alipopanda jukwaani kuwatambulisha abiria wake wa pilau, hakuweza kuwatofautisha na nchi. Kamera za televisheni zilikuwa moja kwa moja hewani, na hakuna aliyekuwa na amri ya kuzizima, maana mwenye amri ni Bwana Lameki, naye alikuwa anangoja kuambiwa jambo la kujibu ndiyo.

"Abiria wetu wapendwa," alisema waziri, sauti ikimpungua, "liambieni taifa kwamba mmefika salama."

"Tumefika wapi?" aliuliza mtu kutoka katikati.

Waziri alicheka kicheko cha kiungwana, akaegemea upande wa Mwatime, aliyeletwa jukwaani kwa dharura hiyo hasa. "Wewe ndiye mtunzi," alimnong'oneza. "Wape jibu. Lolote! Nitakupa ngazi ya kwanza."

Mwatime alikwenda kwenye kipaza sauti. Maisha yake yote alijificha nyuma ya wahusika, na sasa hakuwa na mhusika wa kumtanguliza. Angeweza kusoma ule mwisho uliopigwa marufuku. Alikuwa anaujua kwa moyo. Lakini alipowaona watu wale na mapazia yao mabegani, aliona kwamba wamekwisha kuupita. Walikwisha kufungua mikanda wenyewe tangu Ijumaa.

"Mimi sijui," alisema. "Nisameheni. Hebu niambieni ninyi. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

Kisha kinyozi akasimama. "Mimi nilikuwa nakwenda kwenye chuo cha ufundi. Walisema kitafunguliwa mwaka niliomaliza shule."

"Mimi hospitali," alisema muuza maandazi. "Ile yenye paa."

"Mimi nilikuwa nangoja maji!" alipiga kelele mwingine. "Tangi letu mmelirusha angani!"

Watu walicheka, na kicheko kikawafungua vinywa. Kila mtu alikumbuka. Walikumbuka tarehe, walikumbuka hotuba, walikumbuka hata suti aliyovaa mwenye kuahidi, na waliposahau kitu jirani alikumbusha. Tungo, aliyekuja na suti yake ya angani ili apigwe picha, alikumbuka kwamba aliahidiwa kurudishwa kwenye hali ya hewa, akatazama juu, akatangaza mawingu kiasi. Alishangiliwa kwa dakika nzima.

Ndipo Mwatime akamwona mama yake anapanda ngazi za jukwaa, fulana ya kitambaa cha meza ikimfika magotini. Bi. Mwanasiti alikamata kipaza sauti kama mtu anayemkamata kuku.

"Mimi nilikuwa nakwenda kwa dada yangu Mishi," alisema. "Anakaa Pembeni, ng'ambo ya mto. Kivuko kilipozama, bwana mmoja wa serikali alituambia tusipande mitumbwi, ni aibu kwa taifa. Tungoje daraja. Nikakaa kungoja." Akamgeukia waziri. "Alikuwa na masikio kama yako."

Waziri Pazia aligusa masikio yake. Alikuwa yeye, akiwa bado mkuu wa wilaya.

Mwatime alijua kwamba ana mama mkubwa ng'ambo. Salamu zililetwa na wasafiri, kisha zikakoma. Hakujua kwamba mama yake, aliyesahau chumvi na majina na siku, huyo hakumsahau, na kwamba muda wote alikuwa tu anatii amri ya kungoja.

Serikali ikabanwa. Kuwakamata haikuwezekana, kwa kuwa ni yenyewe iliyowatangaza wageni wake rasmi, tena wakiwa wamebeba picha ya Rais mgongoni, na kuipiga picha ya Rais kwa rungu ni uhaini. Rais alitazama yote sebuleni kwake na, wasema wapishi wa ikulu, alicheka mara mbili. Kesho yake Hamadi Pazia aliteuliwa kuwa Balozi wa Keshokutwa katika Anga za Mbali. Kwa sasa anakaa nyumbani na mizigo yake, anangoja usafiri.

Si yote yaliyonyooka, tusidanganyane. Hospitali ilipata nusu paa, nusu ya upande ambao hauna wagonjwa. Lakini jeshi lilikuwa na daraja la maboya ambalo kazi yake ilikuwa kupita kwenye gwaride juu ya malori, na jenerali mmoja, ambaye mkewe alishona fulana tatu, alilishusha mtoni na kulifunga. Halikuwa na uzuri. Liliyumba. Watu walivuka juu yake wamebeba vitanda, watoto na kuku, wakipigiana kelele za furaha.

Mwatime alimvusha mama yake asubuhi ya jua. Haikuwa siku nzuri kwa Bi. Mwanasiti. Tangu walipoondoka aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa, akauliza tena. Katikati ya mto alimshukuru Mwatime kwa wema wake na kumwuliza kama wazazi wake wangali hai. Mwatime aliushika mkono wake kwa nguvu, akihofia si mto bali ule mlango wa Pembeni, ambako mwanamke aliyengoja miaka yote hiyo huenda akasalimiwa kama mgeni.

Walielekezwa nyumba. Mwanamke mzee, mrefu, alikuwa uani anaanika mihogo. Aliinua macho, ungo ukamtoka mikononi.

Bi. Mwanasiti alimtazama. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kwa adabu, bila dalili yoyote. Mwatime alifungua kinywa ili aseme, mama, huyu ni dada yako. Lakini macho ya mama yake yalikwisha kushuka, yakasimama kiunoni, kwenye kanga iliyochakaa ya maua ya zambarau.

"Hiyo kanga ni yangu," alisema Bi. Mwanasiti.

"Ulinipa," alisema Bi. Mishi, machozi yakimtiririka.

"Sikukupa. Ulichukua, Mishi. Siku ya arusi ya binamu yetu Mwanaharusi, niliitafuta mpaka nikachelewa."

"Ulinipa kwa mkono wako mwenyewe, Mwanasiti! Hukumbuki tu."

"Mimi?" Bi. Mwanasiti aliweka mikono kiunoni, akainua kidevu. "Mimi nasahau mengi, kila mtu anajua. Lakini nakumbuka vizuri sana kwamba sikukupa."

Bi. Mishi aliifungua kanga ile, akabaki na gauni, akamtupia dada yake kichwani. Wakaanza kupigana nayo pale pale juu ya mihogo, wakicheka na kulia, hata majirani wakatoka kutazama.